Mfuko wa Saruji na Mgongo wa Kibarua

Wiki hii nataka tuzungumzie kilo 50. Huo ndio uzito wa mfuko wa saruji ambao saidia fundi hujitwika begani na kupanda nao ngazi.

Mwaka 1967, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 kuhusu mzigo wa kubebwa na mtu mmoja. Pendekezo lililofuatana nao lilitaka mzigo wa mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Kwa hesabu hiyo mfuko wetu hauna kosa. Lakini mizani hupima mfuko mmoja. Haihesabu mifuko ya kutwa nzima, wala kiuno kinachoinama kuiokota. Kila anaponyanyua, sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa. Ikichomoza moja na kugandamiza mshipa wa fahamu, maumivu hushuka hadi mguuni.

Uingereza nayo ilikuwa na mfuko wa kilo 50. Kanuni zake za mwaka 1992 ziliwataka waajiri waepuke unyanyuaji wa hatari kila inapowezekana, na mfuko ukaja kupunguzwa hadi kilo 25. Nyumba hazikuacha kujengwa.

Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ila kibarua wa kutwa akiumia kiuno, kesho yake nafasi huchukuliwa na mwingine aliyesubiri getini. Mimi nasema tuupime mzigo kabla mgongo haujavunjika. Haba na haba hujaza kibaba: kilo 25 mara mbili ni zile zile 50.