Hepesi: Kidonda kipimwe kwanza, damu baadaye

VIRUSI vya hepesi ni miongoni mwa vimelea vilivyoenea zaidi duniani, na vipimo vyake havieleweki vyema kwa wengi. Wapo wanaopimwa damu pasi na dalili yoyote, wakapewa karatasi yenye neno "chanya" na kurejea nyumbani kuanzisha ugomvi wa ndoa. Wapo pia wenye malengelenge yanayoonekana wazi, lakini hungoja wiki mbili au tatu kabla ya kumwona daktari, wakati ambapo ushahidi umekwisha kukauka. Makala haya yanaeleza virusi hivi ni vipi na ni kipimo gani hujibu swali gani.

Familia ya virusi tisa

Jina hepesi linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutambaa. Wanasayansi wametambua virusi tisa vya familia hii vinavyomshambulia binadamu. Aina ya 1 husababisha vidonda vya mdomoni, nayo aina ya 2 ndiyo chanzo kikuu cha malengelenge ya sehemu za siri yanayorudi mara kwa mara. Hata hivyo, aina ya 1 pia huweza kufika sehemu za siri, hasa kupitia ngono ya mdomo.

Virusi vya tatu ni vya tetekuwanga, ambavyo miaka mingi baadaye huzuka tena kama mkanda wa jeshi. Vya nne ni vya Epstein-Barr, na historia yake imeanzia jirani zetu Uganda. Mnamo 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akihudumu Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto, ambao leo huitwa saratani ya Burkitt. Mwaka wa 1964 watafiti wa London walivigundua virusi hivyo ndani ya chembe za uvimbe huo. Vya tano ni saitomegalovirusi, vinavyoweza kumdhuru mtoto angali tumboni. Aina ya 6, ambayo huhesabiwa kama virusi viwili, na ya 7 huwapata zaidi watoto wadogo na kuwaletea homa na vipele. Aina ya 8, iliyogunduliwa mwaka wa 1994, ndiyo husababisha saratani ya Kaposi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, takriban watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wana hepesi aina ya 1, ilhali milioni 520 wa kati ya miaka 15 na 49 wana aina ya 2. Humu nchini, utafiti wa kitaifa kuhusu Ukimwi uliofanywa mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa takriban asilimia 35 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na dalili katika damu za kuambukizwa aina ya 2. Wanawake walikuwa asilimia 42, na wanaume asilimia 26.

Kujificha na kuzuka

Virusi hivi vikishaingia mwilini havitoki. Aina ya 1 na ya 2, pamoja na vile vya tetekuwanga, hujificha katika vifundo vya neva karibu na ubongo na uti wa mgongo. Huko hulala kwa miezi au miaka, kisha huamka mwili unapodhoofika kwa homa, uchovu au maradhi mengine.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hepesi hunyesha bila wingu. Wengi wenye aina ya 2 hawajawahi kuona lengelenge hata moja, au waliona mkwaruzo mdogo wakaupuuza. Hata hivyo, virusi huweza kutoka kwenye ngozi yao na kumwambukiza mwingine.

Kupima kidonda

Mgonjwa mwenye lengelenge au kidonda anapaswa kupimwa hapo hapo penye kidonda. Mhudumu hupasua lengelenge, akasugua kitako chake kwa kijiti chenye pamba, na sampuli hiyo hupelekwa maabara. Kipimo bora ni cha PCR, ambacho hutafuta chembe za urithi za virusi na kubainisha kama ni aina ya 1, ya 2 au vya tetekuwanga. Njia ya kale ya kuotesha virusi maabarani ingali inatumika kwingineko, lakini hukosa virusi mara nyingi zaidi, hasa kidonda kinapoanza kupona.

Kwa hivyo wakati ni jambo la msingi. Kidonda kipimwe kikiwa kibichi, yamkini katika siku mbili au tatu za kwanza. Aidha, majibu yakisema virusi havikuonekana, hiyo si hakikisho kwamba mgonjwa hana hepesi, kwani virusi havitoki kila saa.

Macho peke yake hayatoshi. Kidonda cha sehemu za siri huweza kuwa cha kaswende au pangusa, na magonjwa haya yanatibika kabisa kwa dawa za kuua bakteria. Hata ngozini kuna udanganyifu: sumu ya nzi wa Nairobi, ambaye kwa hakika ni aina ya mbawakawa, huacha malengelenge ya mstari yanayofanana na mkanda wa jeshi. Tofauti ni kwamba mkanda hufuata njia ya neva upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia vipele.

Kupima damu

Kipimo cha damu hakitafuti virusi, bali kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya kuvamiwa. Askari hao huchukua wiki kadhaa kujitokeza, wakati mwingine zaidi ya miezi mitatu. Mtu aliyeambukizwa juzi huweza kuambiwa hana kitu.

Jibu chanya nalo lina mipaka. Halisemi mtu aliambukizwa lini, wala na nani. Huenda virusi vililala mwilini mwake miaka mingi kabla ya kumjua mwenzi wake wa sasa. Kingamwili za aina ya 1 hazionyeshi kama maambukizi yako mdomoni au kwingine. Isitoshe, baadhi ya vipimo hivi hutoa jibu chanya lisilo la kweli, hasa kiwango kinapokuwa cha chini, na jibu kama hilo hufaa kuthibitishwa kwa kipimo cha pili. Kumshtaki mwenzi kwa karatasi hiyo pekee ni kumhukumu bila shahidi.

Palipo na hatari kubwa

Hepesi ikifika ubongoni huleta homa, kuchanganyikiwa na kifafa. Daktari huchukua maji ya uti wa mgongo yapimwe kwa PCR, lakini dawa ya mshipani huanzishwa kabla ya majibu. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mchanga anayeshukiwa kuambukizwa.

Mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho ya ujauzito ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kumwambukiza mwanawe. Akiwa na vidonda uchungu unapoanza, madaktari hupendekeza upasuaji. Mtoto anayeshukiwa kuwa na saitomegalovirusi alizozaliwa nazo hupimwa mate au mkojo kabla ya siku 21 kupita. Saratani za Burkitt na Kaposi huthibitishwa kwa kuchunguza kipande cha nyama au chembe zilizofyonzwa kutoka kwenye uvimbe.

Mkanda wa jeshi kwa kijana si uchawi. Ni sababu nzuri ya kupimwa virusi vya Ukimwi, kwa kuwa huzuka kinga inaposhuka. WHO pia yaeleza kuwa hepesi aina ya 2 huongeza hatari ya kuambukizwa virusi hivyo takriban mara tatu.

Tiba na kinga

Hakuna dawa ya kuiondoa hepesi mwilini. Asikloviri na jamaa zake hufupisha muda wa vidonda na kupunguza kurudi kwake. Kwa mkanda wa jeshi, dawa hufaa zaidi ikianzishwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutokea. Mkanda ulio karibu na jicho ni dharura. Chanjo za tetekuwanga na mkanda wa jeshi zipo, ila ya aina ya 1 na ya 2 bado haijapatikana. Mipira ya kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa, na ni heri kujizuia kabisa vidonda vinapokuwapo.

Anayeona lengelenge leo asingoje likauke, wala asikimbilie kipimo cha damu. Aende zahanati mapema, aombe kidonda chenyewe kipimwe, na apimwe kaswende na virusi vya Ukimwi siku hiyo hiyo.