Jicho la Muuguzi: Historia ya Kidonda Kutoka Bagamoyo hadi Ocean Road

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, akishaipita Mlandizi na daraja la Ruvu, hufika Vigwaza. Hapo malori husimama mizanini kupimwa uzito, na serikali hujua kwa kilo kila gari limebeba nini juu ya mhimili upi, kwa sababu barabara ikiharibika hasara yake inahesabika. Nimesubiri pale mara nyingi nikiwa abiria, na mara nyingi nimejiuliza swali ambalo wanafunzi wangu wataliona la ajabu: je, kidonda cha mkulima wa bonde la Ruvu, kilichokaa shavuni mwake miezi minane bila kupona, nacho kinapimwa na nani?

Jibu fupi ni kwamba kinapimwa na muuguzi. Yeye ndiye mtu wa kwanza mwenye elimu ya tiba kukiona, na pengine ndiye wa mwisho kukiona kikiwa bado kinatibika. Historia ya jicho hilo ni ndefu kuliko tunavyodhani, na sehemu kubwa yake imepita katika mwambao huu wa Bagamoyo.

Tuanze na wapagazi. Misafara iliyoingia na kutoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilibeba pembe na vitambaa, ikabeba pia ngozi zilizochubuka, mabega yaliyovimba na donda ndugu za miguuni. Ilibeba na funza. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Aliingia Angola kwa meli kutoka Brazil katika miaka ya 1870, akalivuka bara zima katika nyayo za watu, na kabla karne haijaisha alikuwa amekwishafika pwani ya mashariki. Waliojifunza kumtoa kwa mwiba au sindano bila kumpasua walikuwa mabibi na wakunga wa vijijini. Ujuzi ule hatuuhesabu katika historia ya uuguzi, na sijui kwa nini tusiuhesabu.

Mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuihudumia misafara hiyo, Sewa Haji Paroo, mzaliwa wa Bagamoyo, aliifahamu miguu ile. Alitoa fedha za kujenga hospitali ya Waafrika na Waasia Dar es Salaam, na alipofariki mwaka 1897 aliacha mali yake kwa serikali ya Wajerumani kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba mapato yake yawasaidie wagonjwa wa ukoma. Mwaka huo huo wa 1897 Wajerumani walifungua hospitali nyingine ufukweni, ya Wazungu. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo mzizi wa Muhimbili ya leo, na ile ya ufukweni ndiyo Ocean Road. Jengo lililowekwa mbali na wenyeji ili upepo wa bahari uwapoze watawala ndilo ambalo leo mwananchi wa Vigwaza hupelekwa akiwa na saratani. Sheria ya kuifanya taasisi inayojitegemea ilikuja baadaye sana, mwaka 1996.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuta buba. Ugonjwa huu wa ngozi uliwatoboa watoto vidonda na kuwapinda mifupa, nao ndio uliobadilisha uhusiano wa mwananchi na tiba ya kizungu. Katika miaka ya 1920 sindano za bismuthi zilianza kutolewa, na vidonda vilivyokaa miaka vikakauka kwa siku chache. Watu walikuja kwa maelfu, wakitembea. Mapenzi yetu kwa sindano, ambayo waganga wa leo huyalalamikia, yana asili yake hapo: babu zetu waliona kwa macho yao sindano ikifuta kidonda. Kazi hiyo haikufanywa na madaktari, kwani walikuwa wachache mno. Ilifanywa na madresa, vijana wa Kiafrika waliofunzwa kwa muda mfupi kusafisha, kupaka dawa na kufunga bandeji katika zahanati za serikali za wenyeji.

Dresa ametuachia urithi wa pande mbili. Upande mmoja ni mzuri: mtu wa cheo cha chini, akifunzwa jambo moja vizuri, huokoa watu wengi. Upande wa pili bado unatuumiza. Dresa alifunzwa kufunga kidonda, hakufunzwa kukihoji. Mgonjwa akirudi, anafungwa tena. Desturi hii haikufa pamoja na ukoloni. Kidonda cha saratani kinaweza kufungwa bandeji safi kila juma kwa mwaka mzima, daftari likajaa, na kila mmoja akaamini kwamba ametimiza wajibu wake.

Kumbe tuliwahi kuwa na mfano wa kinyume chake, nao ni ukoma. Muuguzi wa ukoma alifunzwa kuisoma ngozi. Alimweka mgonjwa kwenye mwanga wa jua, akatafuta baka lililopauka, akamwambia afumbe macho, akaligusa baka kwa pamba na kumtaka aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Aliyeshindwa kuonyesha alikuwa ameshajibu swali. Hakuna mashine katika kipimo hicho. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa uliounganisha kifua kikuu na ukoma, ukawa na waratibu hadi ngazi ya wilaya, na dunia ikaja kujifunza kwetu. Kisha dawa mseto zikaja katika miaka ya 1980, wagonjwa wakapungua, na pamoja nao wakapungua wauguzi waliojua kugusa kwa pamba. Ushindi nao husahaulisha.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 ngozi ilizungumza tena. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Kagera mwaka 1983, wauguzi ndio waliojifunza mapema kwamba mkanda wa jeshi kwa kijana si jambo la kupuuza, na kwamba madoa ya zambarau yaliyovimba miguuni au kwenye kaakaa ni saratani ya Kaposi. Walijua hivyo kabla ya vipimo kufika wilayani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1985 Luande na wenzake walichapisha katika jarida la Cancer utafiti juu ya watu 350 wenye ualbino walioandikishwa Dar es Salaam. Waliona kwamba ngozi huanza kuharibiwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na kwamba wote waliofika umri wa miaka 20 walikuwa ama na saratani ama na mabadiliko yanayoitangulia. Wote! Dunia ilikuja kusikia habari za ualbino nchini mwetu kupitia mauaji ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na ni haki kwamba yalilaaniwa. Lakini jua limewaua wengi zaidi kuliko panga, tena limewaua taratibu, mbele ya macho ya walimu, wauguzi na viongozi wa vijiji. Taifa lilishtushwa na kifo cha ghafla, likakizoea kile cha miaka kumi.

Tusiseme kwamba hapakuwa na juhudi. Mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilifunguliwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kwa fikra ambayo hata leo ni ya kimapinduzi: Afrika haitapata madaktari bingwa wa ngozi wa kutosha, kwa hiyo wafunzwe wahudumu wa ngazi ya kati wenye uzoefu, miaka miwili, kisha warudi wilayani. Wamekuja kutoka nchi nyingi za bara hili. Moshi pia ndiko inakotengenezwa losheni ya Kilisun, ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Ila Moshi ni mbali na Vigwaza, na ujuzi wa mtu mmoja aliyehitimu hauishi katika zahanati ambayo hajawahi kuikanyaga.

Mtumishi wa wizara atauliza: muuguzi wa kijijini apewe jukumu la kutambua saratani? Tayari tumempa. Kwa saratani ya mlango wa kizazi tumemkabidhi siki iliyozimuliwa na taa. Anapaka, anasubiri dakika moja, anatazama sehemu iliyogeuka nyeupe, na pale penye vifaa anaigandisha kwa ubaridi mkali siku hiyo hiyo. Tangu 2018 ndiye pia anayewachanja wasichana dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani hiyo. Ikiwa jicho lake linaaminika kwa kiungo kilichofichika, linashindwaje kuaminika kwa shavu, sikio na mdomo wa chini, ambavyo vimo hadharani? Madoa magumu yanayotangulia saratani kwenye ngozi yenye ualbino nayo hutibiwa kwa kanuni ile ile ya ubaridi. Kinachotofautisha ni mpango na bajeti. Uganda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 ilibadili kanuni zake ili wauguzi waliofunzwa tiba shufaa waweze kuandika mofini kwa wenye maumivu ya saratani, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Tatizo jingine limo vitabuni. Sehemu kubwa ya vitabu vya uuguzi imeandikwa kwa ngozi nyeupe. Mwanafunzi anaambiwa atafute wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani: utaona weusi uliozidi, joto, mng'ao, au ugumu chini ya kidole. Anafunzwa kwamba saratani ya melanoma hutokana na jua la mgongoni, ilhali kwa Waafrika weusi hujificha zaidi kwenye nyayo, ikidhaniwa ni mchubuko wa kiatu. Muuguzi asiyemvua mgonjwa viatu hataiona.

Safari haiishii Ocean Road pia. Mgonjwa aliyepigwa mionzi hurudi nyumbani na ngozi iliyokoza weusi na kubanduka, wakati mwingine yenye majimaji. Akifika zahanati ya kwao bila maelezo, muuguzi anaweza kudhani ameungua moto, au familia ikaamini hospitali imemchoma ndugu yao. Maneno machache kwenye karatasi ya ruhusa yangetosha: asiisugue ngozi hiyo, asipake mafuta makali, aioshe kwa maji ya uvuguvugu, aifunike na jua. Pwani yetu tumeshawafunza watu wenye matende kuosha miguu yao kwa sabuni na kukausha kila mkunjo, na wanafanya hivyo kwa uaminifu. Hatuanzi na watu wasiojua kutunza ngozi.

Turudi basi Vigwaza, kata iliyokuwa ya Bagamoyo na leo imo katika Halmashauri ya Chalinze. Yule mkulima mwenye kidonda cha shavuni, tuseme ana ualbino, amekuja asubuhi kabla jua halijawa kali. Muuguzi anaweza kufungua bandeji, asafishe na kufunga upya. Au anaweza kumuuliza kimeanza lini, kinatoka damu kikiguswa, na kilishawahi kupona. Amguse chini ya taya na shingoni kutafuta tezi. Kisha aandike rufaa kwenda Tumbi, Kibaha, na tarehe ya kurudi. Mgonjwa atamuuliza nauli ataipata wapi, na hilo ni swali la halmashauri.