Kijana Aliyeitwa na Vyuo Vitatu

Huenda siku moja, ewe msomaji, ukimaliza masomo yako, ukaletewa barua mbili au tatu kwa wakati mmoja, kila moja ikikuita kazini. Wengi hudhani kwamba hiyo ni heri tupu isiyo na mashaka. Lakini mwenye njia moja hana la kufikiri ila kwenda. Mwenye njia tatu ndiye aliye na kazi ya kupima. Basi na tutazame jinsi jambo hili lilivyompata mtu mmoja ambaye jina lake limo katika historia ya Afrika, ingawa alizaliwa mbali nayo.

William Edward Burghardt Du Bois alizaliwa mwaka 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, miaka mitatu tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini Marekani. Alisoma katika Chuo cha Fisk, kisha Harvard, na tangu mwaka 1892 alikaa miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Berlin, Ujerumani. Fedha za masomo yale zilikuwa nusu msaada na nusu mkopo. Aliomba mwaka wa tatu ili apate shahada huko, akanyimwa. Hivyo, katikati ya mwaka 1894, alirudi kwao akiwa na elimu nyingi, mfuko mtupu, na deni shingoni.

Siku zile milango ya vyuo vikuu vya Wazungu ilikuwa imefungwa mbele ya mwalimu mweusi. Du Bois akaviandikia vyuo vya watu weusi, kimoja baada ya kingine, akapata majibu mengi ya kukataliwa. Hatimaye, mwezi wa Agosti, Chuo cha Wilberforce, Ohio, kilimwita akafundishe Kilatini na Kiyunani kwa mshahara wa dola 800 kwa mwaka. Alikubali mara moja. Hazikupita siku nyingi, chuo cha Lincoln, Missouri, kikamwita kwa mshahara mkubwa kuliko ule. Kisha, tarehe 25 Agosti, ikafika simu ya maandishi kutoka Tuskegee, Alabama, ikimtaka akafundishe hesabu. Aliyeipeleka ni Booker T. Washington, mkuu wa chuo hicho.

Lincoln ingemsaidia kulipa deni lake upesi. Tuskegee ingemweka karibu na mtu aliyekuwa akipanda kwa kasi katika sifa. Lakini Wilberforce ilikuwa imekwisha pewa neno, na ahadi ni deni kama lilivyo deni la fedha. Du Bois akaenda Wilberforce.

Je, alipata alichokitaka? La. Alitamani kufundisha elimu ya jamii, asiruhusiwe. Chuo kile kilikuwa cha kanisa, naye hakupatana na desturi zake za ibada. Hata hivyo, miaka miwili ile haikupotea bure. Mwaka 1895 alipata shahada ya udaktari ya Harvard, mtu mweusi wa kwanza kuipata hapo. Na mwaka 1896 alimwoa Nina Gomer, aliyekuwa mwanafunzi wa Wilberforce. Mwaka huo huo akaitwa kwa kazi ya muda na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, achunguze maisha ya watu weusi wa Philadelphia. Kazi hiyo ilizaa kitabu kilichotoka mwaka 1899, ambacho wataalamu wa elimu ya jamii hukiheshimu mpaka leo.

Na kama simu ya Tuskegee ingalitangulia? Du Bois mwenyewe alijiuliza hivyo baadaye. Mwaka 1903 aliandika kitabu ambamo alipinga waziwazi siasa ya Washington, aliyewashauri watu weusi watangulize kazi za mikono na kuacha kwanza madai ya haki zao. Je, angaliweza kusema hivyo akiwa anakula mshahara wa Tuskegee? Hapana ajuaye. Ila jihadhari, msomaji: usiupime uamuzi wa mtu kwa mambo yaliyotokea baadaye. Agosti ile kijana yule hakuyajua hayo. Alichokijua ni njaa yake, deni lake, na neno lake.

Mambo mawili yatufae hapa. La kwanza, kabla hujatoa neno, pima vyote: mshahara, kazi yenyewe, wakubwa utakaokuwa chini yao, na uhuru utakaobakiwa nao. La pili, ukiisha kulitoa, litimize. Lakini kutimiza ahadi si kujifunga maisha. Du Bois aliondoka Wilberforce kwa njia ya haki, baada ya kuitumikia miaka miwili.

Mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 77, alihudhuria Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika mjini Manchester, pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Mwaka 1961 Nkrumah, aliyekuwa Rais wa Ghana, alimwita aanzishe kamusi kubwa ya elimu ya Afrika. Mzee alikuwa na miaka 93. Alikubali, akahamia Accra, akafa huko Agosti 1963, kazi ingali mezani.