Tarehe ya Node-Webkit na Electron: Asili ya Programu za Mezani Zilizoandikwa kwa Lugha za Wavuti

Tarehe hii yahusu programu za kompyuta za mezani zinazoandikwa kwa lugha za wavuti, yaani HTML inayopanga maandishi na picha za ukurasa, CSS inayoupamba, na JavaScript inayoutia mwendo. Makusudio yake ni kuiweka sawa nasaba ya kazi hiyo, kwa kuwa wengi husema kwamba asili yake ni kampuni ya GitHub ya San Francisco, na kauli hiyo yawanyima haki wenye shina.

Walikuwako waliotangulia. Microsoft ilileta programu za HTA pamoja na Internet Explorer 5 mwaka 1999, Mozilla ikawa na lugha ya XUL, ambayo ndiyo iliyotumika kuijenga sura ya kivinjari cha Firefox, na Adobe ikatoa AIR mwaka 2008. Hao watajwe kwa heshima ya utangulizi tu, kwani nasaba inayotamba leo haikutoka kwao.

Shina lenyewe lilianza kumea pale Google ilipotoa kivinjari cha Chrome mwaka 2008, pamoja na V8, injini ya kutekeleza JavaScript kwa kasi. Mwaka uliofuata Ryan Dahl aliichukua V8 akaitoa nje ya kivinjari, akaunda Node.js, ambamo JavaScript iliweza kusoma faili, kufungua milango ya mtandao na kufanya kazi za seva. Lakini Node.js haikuwa na dirisha wala kitufe, na kivinjari kilichokuwa na madirisha hakikuruhusiwa, kwa sababu za usalama, kugusa faili za mwenye kompyuta ovyo.

Aliyeziunganisha pande hizo mbili ni Roger Wang, mhandisi wa kituo cha teknolojia ya programu huria cha Intel nchini Uchina. Mwaka 2011 aliifunga Node.js pamoja na WebKit, injini inayosoma HTML na CSS na kuzichora kwenye kioo cha kompyuta, na kazi hiyo akaiita node-webkit. Kuanzia hapo ukurasa wa kawaida, ulioandikwa na mtu asiyejua C++ hata kidogo, uliweza kufungua dirisha lake na, humo humo ndani ya dirisha, kuita uwezo wote wa Node.js. Huo ndio msingi, na kila kilichokuja baadaye katika nasaba hii kimesimama juu yake.

Mwaka 2012 alijiunga na kazi hiyo mwanagenzi mmoja, Cheng Zhao, ambaye ndiye aliyeipa node-webkit umbo lake la pili. Yeye aliijenga upya juu ya Chromium, msimbo huria ambao Chrome hutokana nao, na kwa hatua hiyo ikaenea katika Windows na Mac pamoja na Linux.

Hapa yapasa kulieleza ajabu moja ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Node.js ina mzunguko wake wa kungoja matukio, kama vile faili kumaliza kusomwa, na Chromium nayo ina mzunguko wake wa kungoja panya kubofywa na dirisha kusogezwa. Lakini uzi mmoja wa utekelezaji hauwezi kungoja mahali pawili kwa wakati mmoja, kwani ukingoja huku, kule kunalala. Katika kazi yake ya baadaye, itakayoelezwa hapa chini, Cheng Zhao aliweka uzi wa pembeni usio na shughuli nyingine ila kuuchungulia mzunguko wa Node.js, na pindi tukio linapotokea, uzi huo hupeleka ujumbe kwenye mzunguko wa Chromium ili tukio lishughulikiwe huko. Kwa njia hiyo mizunguko yote miwili ikaishi pamoja bila kuivuruga Chromium, na hiyo ni hekima inayostahili kusomeshwa.

Kurudi kwenye nasaba, mwaka 2013 GitHub, iliyokuwa ikiunda kihariri cha msimbo kiitwacho Atom, ilimwajiri Cheng Zhao akihamishie juu ya node-webkit. Kazi hiyo ilipokutana na vikwazo vingi iliachwa, naye akaunda msingi mpya ulioitwa Atom Shell. Node-webkit ilianzia kwenye ukurasa wa HTML, lakini Atom Shell ilianzia kwenye faili la JavaScript, ambalo liliendesha mchakato mkuu wa kufungua madirisha, na kurasa zikapewa michakato yake ya kuchora. Msimbo wake ulitolewa huria mwaka 2014. Mwaka 2015 node-webkit ikaitwa NW.js, na Atom Shell ikaitwa Electron.

Mwaka huo huo Microsoft ilitoa kihariri chake cha msimbo, Visual Studio Code, juu ya Electron. Programu za mawasiliano za Slack na Discord nazo zikafuata njia hiyo. Wako wanaoilaumu Electron kwa ulafi wa kumbukumbu, kwa kuwa kila programu hubeba Chromium yake nzima, na Tauri, msingi mwingine wa programu za aina hii uliofikia toleo la 1.0 mwaka 2022, hukwepa mzigo huo kwa kutumia injini ya kurasa iliyomo tayari katika mfumo endeshi.

Microsoft iliinunua GitHub mwaka 2018, na Desemba 2022 Atom ikafungwa. Electron haikufa pamoja nayo, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuingia chini ya shirika la OpenJS Foundation. Basi GitHub istahiki sifa ya ulezi, na Cheng Zhao sifa ya kuijenga milango yote miwili ya nasaba hii. Lakini uasisi ni wa Roger Wang, na atakayeiandika tarehe hii tena aanzie Uchina kabla ya kufika San Francisco.