Mwisho wa Kitabu si Mwisho wa Watu

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii yaihusu historia pia. Kwa muda mrefu habari za Wazungu kuenea katika nchi za magharibi ya Marekani ziliandikwa na wale walionufaika. Katika vitabu hivyo, na hasa katika sinema, mlowezi alikuwa shujaa aliyefungua nchi tupu, na mwenyeji alikuwa adui wa kuangamizwa. Hata jina alilopewa lilitokana na kosa: aliitwa Mhindi kwa sababu Columbus, alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492, alidhani amefika pande za Bara Hindi.

Mwaka 1970 kilitoka kitabu kilichoivuta ngozi kwa upande wa pili. Jina lake ni Bury My Heart at Wounded Knee, yaani Uzikeni Moyo Wangu Wounded Knee. Mwandishi wake, Dee Brown, alikuwa Mzungu, mkutubi wa chuo kikuu huko Illinois. Kitabu hicho kilinunuliwa na mamilioni ya watu na kufasiriwa katika lugha nyingi. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamekwisha kupata habari za raia waliouawa na askari wao huko My Lai, Vietnam, mwaka 1968. Hivyo wengi waliyasoma mambo ya karne iliyopita kama mambo ya siku zao.

Nguvu ya kitabu hiki imo katika ushahidi wake. Viongozi wa makabila yale hawakuacha maandishi mengi, lakini walisema. Katika mabaraza ya mapatano na serikali, wakalimani waliyafasiri maneno yao na makarani wakayaandika. Kumbukumbu hizo zilihifadhiwa na serikali ile ile iliyowanyang'anya ardhi, na Brown akazitumia kuwaacha wazee waseme wenyewe. Kumbe karani wa mshindi aweza kuihifadhi sauti ya mshindwa bila ya kukusudia. Hata hivyo tusisahau kwamba sauti hiyo ilipitia kinywani mwa mkalimani.

Masimulizi yenyewe ni ya miaka 30 tu, toka 1860 hadi 1890. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek katika Colorado, askari wa Kanali Chivington waliivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho. Mzee wao, Black Kettle, alikuwa akitafuta amani, na bendera ya Marekani ilikuwa ikipepea kambini mwake. Waliuawa watu zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Kitabu chafikia tamati huko Wounded Knee, Dakota ya Kusini, tarehe 29 Desemba 1890. Mwaka huo Walakota wengi walikuwa wameshika ngoma ya dini mpya, wakiamini kwamba wafu watarudi na kwamba mashati yao matakatifu yatazuia risasi. Hapa mwalimu wa Tanzania atayakumbuka maji ya Kinjikitile Ngwale, mwaka 1905. Lakini aione na tofauti: wafuasi wa Kinjikitile walishika silaha kupigana na Wajerumani, ilhali Walakota wale walikuwa wamekwisha kujisalimisha, wakawa wananyang'anywa bunduki zao, ndipo mauaji yalipoanza. Wasiopungua 150 waliuawa. Hesabu nyingine zakaribia 300.

Kitabu kinafungwa hapo, na hapo ndipo msomaji anapopaswa kuwa macho. Brown aliandika kana kwamba utamaduni wa watu wale uliangamia katika miaka hiyo. Mwaka 2019 David Treuer, mwandishi wa kabila la Waojibwe, alitoa kitabu cha kumjibu. Alionyesha kwamba watu wake hawakwisha. Sheria ya mwaka 1924 iliwatambua wote kuwa raia. Mwaka 1973 Walakota na wenzao waliishika Wounded Knee ile ile kwa siku 71, wakidai mapatano ya zamani yaheshimiwe. Na katika sensa ya mwaka 2020, watu milioni 9.7 walijitaja kuwa wana asili ya wenyeji hao, wengine wakiwa na asili nyingine pia. Kumlilia matanga mtu aliye hai ni kumdhulumu, hata kama machozi ni ya kweli. Nasi twajua kwamba vita vya Maji Maji vilikwisha, lakini Wamatumbi na Wangoni hawakwisha.

Kitabu cha Brown chastahili kusomwa, maana kilitoa mashahidi waliokuwa wamefungiwa makabatini. Lakini mwalimu anapowapa wanafunzi kitabu chochote cha historia, na awazoeshe kuuliza: Ni nani asemaye? Maneno yake yametufikiaje? Kwa nini masimulizi yameanzia hapa na kukomea pale? Na mwanafunzi akiufunga ukurasa wa mwisho, aulizwe watu hao wako wapi leo.