Besiboli: Mchezo unaoishi kwa kumbukumbu zake

MASHABIKI wa soka katika vijiwe vya Maili Moja, Kibaha, hawahitaji kitabu ili kukumbuka kwamba Simba iliifunga Yanga mabao 6-0 mwaka 1977, wala kwamba Yanga iliichapa Simba 5-1 Novemba 2023. Matokeo hayo hurithishwa kwa mdomo. Besiboli ni mchezo wa tabia nyingine. Mashabiki wake hubishana kwa tarakimu zilizoandikwa, na mchezaji ambaye matokeo yake hayakuandikwa huhesabiwa kama hakupata kucheza.

Mchezo huo ulifika Tanzania mwaka 2012. Kwa kuwa bado ni mchanga nchini, historia yake duniani ina funzo kwa shule na vijana wanaoupokea, wakiwamo wale wa Kibaha na Kisarawe, wilaya za Mkoa wa Pwani zinazopakana na Dar es Salaam.

Jinsi unavyochezwa

Timu mbili za wachezaji tisa hupokezana kupiga na kulinda uwanja. Mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu kutoka umbali wa mita 18.44, na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo la mbao. Akifanikiwa, hukimbia kuzunguka vituo vinne vilivyoachana kwa mita 27.4. Anayerejea salama kituo cha nyumbani huipatia timu yake alama moja. Pigo linalovusha mpira nje ya uwanja, na kumpa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote, huitwa homurani.

Wapigaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana nafasi. Mechi kamili ina vipindi tisa, na haiongozwi na saa.

Asili na hesabu zake

Kwa miaka mingi Wamarekani walisimuliwa kwamba besiboli ilibuniwa na Abner Doubleday mwaka 1839 katika mji wa Cooperstown. Wanahistoria wamekwisha kuikanusha hadithi hiyo. Kanuni zilizozaa mchezo wa sasa ziliandikwa mwaka 1845 na klabu ya Knickerbocker ya New York, nao mchezo wenyewe ulitokana na michezo ya kale ya gongo na mpira iliyotoka Uingereza. Japani iliupokea mwaka 1872 kupitia mwalimu Mmarekani, Horace Wilson.

Aliyeufanya kuwa mchezo wa hesabu ni mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza, Henry Chadwick. Mwaka 1859 alianza kuchapisha gazetini jedwali lililoonyesha kila mchezaji alifanya nini katika mechi. Kutokana na jedwali hilo vilipatikana vipimo vya ubora, kikiwamo wastani wa kupiga. Mpigaji aliyefanikiwa mara tatu katika majaribio kumi huandikiwa 0.300, na huhesabiwa kuwa hodari ingawa ameshindwa mara saba.

Rekodi zinazobishaniwa

Babe Ruth aliacha rekodi ya homurani 714 katika Ligi Kuu ya Marekani. Hank Aaron aliivuka Aprili 8, 1974, akamaliza na 755. Barry Bonds alifikisha 762 mwaka 2007, lakini tuhuma za dawa za kuongeza nguvu zimefanya wengi waendelee kumheshimu Aaron kuwa ndiye bingwa halisi. Mashabiki wa Japani nao humtaja Sadaharu Oh, aliyepiga homurani 868 katika ligi ya nchi yao kabla ya kustaafu mwaka 1980.

Katika miaka ya karibuni mjadala umehamia kwa Mjapani Shohei Ohtani, ambaye hurusha na pia hupiga. Mwaka 2024 alikuwa mchezaji wa kwanza kupata homurani 50 na kuiba vituo 50 katika msimu mmoja. Alimaliza na 54 na 59. Klabu yake, Los Angeles Dodgers, ilitwaa ubingwa mwaka 2024 na 2025.

Waliofutwa katika orodha

Mabadiliko makubwa zaidi ya rekodi yalitokea nje ya uwanja. Kwa zaidi ya nusu karne Ligi Kuu ilikuwa imewafungia mlango wachezaji weusi, hadi Jackie Robinson alipoingia Aprili 15, 1947. Kabla ya hapo walicheza katika ligi zao wenyewe, na matokeo yao hayakuingizwa katika orodha rasmi.

Mmoja wao, Josh Gibson, alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya Robinson kuvuka mpaka huo. Watafiti walipekua magazeti ya zamani mechi kwa mechi. Mei 2024 Ligi Kuu ikatangaza kuingiza takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 wa ligi hizo za mwaka 1920 hadi 1948. Kwa wastani wa 0.372, Gibson alimpita Ty Cobb, aliyeshika nafasi ya kwanza kwa miongo mingi. Hata hivyo, mechi nyingi ambazo hakuna aliyeziandika hazikuweza kurejeshwa.

Afrika na Tanzania

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini ndiye mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, Aprili 26, 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates. Uganda nayo ilipeleka timu ya watoto ya Lugazi katika fainali za dunia za mwaka 2012 huko Williamsport, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2015 timu ya Uganda iliifunga Jamhuri ya Dominika 4-1 katika mashindano hayo.

Nchini Tanzania, Mjapani Shinya Tomonari aliuanzisha mchezo huo katika Shule ya Sekondari Azania, Upanga. Mashindano ya shule yamepewa jina la Koshien, kwa kufuata uwanja maarufu wa Japani uliojengwa mwaka 1924. Uwanja wa Azania ulikamilika mwaka 2018 kwa msaada wa Japani.

Kutoka Kibaha au Kisarawe, uwanja huo hauko mbali. Shule kongwe za wilaya hizo, Kibaha iliyofunguliwa mwaka 1965 na Minaki ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Mtakatifu Andrea kilichohama kutoka Kiungani, Zanzibar, zimelea wanafunzi wa bweni kwa vizazi kadhaa. Kwa shule isiyo na vifaa, upo mchezo wa besiboli ya watu watano, unaochezwa kwa mpira laini unaopigwa kwa mkono, bila gongo wala glovu. Mchezo huo umepangwa katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, mwaka 2026.

Kumbukumbu hazihitaji gharama kubwa. Daftari la mistari lenye tarehe, majina ya wachezaji kwa mpangilio wa kupiga na matokeo ya kila zamu linatosha. Wengi waliocheza Azania mwaka 2012 bado ni vijana, na wanaweza kuulizwa leo.