Shahada ya uzamili: urudi chuo ulichosoma mwanzo au uende kwingine?

Kila msimu wa udahili swali hili hutufikia: "Nina shahada ya kwanza, sasa nataka uzamili. Nirudi chuo kilekile au nitafute kingine?" Anayeuliza mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au afisa kilimo mwenye watoto, na akiba yake inatosha kusoma mara moja tu. Akikosea, hana fedha ya kurudia.

Kwa kifupi, kurudi si kosa na kuhama si sifa. Rudi kama chuo chako kina mtu wa kukufundisha usichokijua bado. Kama sababu ni kwamba umepazoea tu, fikiri tena.

Wapo waliorudi, wapo waliohama

Hayati John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alihitimu shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988. Alifanya kazi ya ukemia katika Chama Kikuu cha Ushirika Nyanza hapa Mwanza, na mwaka 2009 akapata shahada ya uzamivu katika chuo kilekile.

Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama alisoma ualimu Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hadi 1945. Makerere ya wakati ule ilitoa stashahada, hivyo shahada aliifuata Edinburgh, Uingereza, akahitimu mwaka 1952. Kila mmoja alikwenda palipokuwa na alichokihitaji.

Unachopata ukirudi

Wahadhiri wanakufahamu, na unajua nani husoma kazi ya mwanafunzi kwa wakati. Hili ni kubwa, maana wengi humaliza masomo ya darasani kisha wakakwama kwenye tasnifu kwa kukosa msimamizi wa karibu. Maktaba unaijua, na mtaa wenye chumba cha bei nafuu unaujua pia.

Unachoweza kukosa

Ukifundishwa na walewale, unaweza kurudia yaleyale. Chuo kingine hukupa walimu wapya, namna nyingine ya kutafiti, na watu wapya wa kukufungulia milango ya kazi. Tena kwenye chuo cha zamani unaweza kuendelea kuonekana mwanafunzi wa juzi, hata kama una miaka kumi kazini.

Piga hesabu yote, si ada peke yake

Kwa mtu wa kanda yetu, umbali ni fedha. Hapa Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, kilichoanza kuwa chuo kikuu mwaka 1998, na chuo kikuu cha afya cha Bugando. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hukuruhusu kusoma huku ukiendelea na kazi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko ili afike mjini. Kwa hiyo chuo cha jirani kinaweza kukugharimu kidogo kuliko kile cha zamani kilichoko Dar es Salaam au Dodoma.

Kumbuka pia deni. Kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo na umeajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi hukatwa kila mwezi. Panga ada kwa kinachobaki.

Kabla hujajaza fomu

1. Uliza nani atakusimamia, na ana wanafunzi wangapi tayari.
2. Hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Jina la chuo pekee halitoshi.
3. Kama unataka kuwa mhadhiri, angalia ufaulu wako. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma huomba GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili. Kubadili chuo hakufuti alama za mwanzo.
4. Kama ni mtumishi wa umma, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi.
5. Zungumza na mwenzi wako: nani atabaki na watoto, na shamba litalimwa na nani?

Swali la tano wengi huliacha hadi barua ya udahili ifike. Ninyi lianzeni leo jioni, mkiwa mmekaa wote nyumbani.